Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali: kwenye ile sifuri yenu ya ukutani mimi simo

Kwa: Mkurugenzi wa Hospitali, Mkuu wa Idara ya Magonjwa ya Wanawake, Msimamizi wa Thieta, na Metroni

YAH: MISHONO YA AKINA MAMA INAYOFUMUKA BAADA YA UPASUAJI WA KIZAZI, NA HESABU ISIYOTUHESABU

Waheshimiwa,

Salamu nyingi. Naandika hapa hadharani kwa sababu kule ndani nimeshasema mpaka nimechoka. Mara ya kwanza nilimwambia sista wa zamu kwa mdomo, akanipa pole, na ilikuwa pole ya kweli kabisa simlaumu. Mara ya pili nikatumbukiza karatasi kwenye sanduku la maoni, lile lenye kufuli, ambalo kwa vumbi nililolikuta juu yake naamini hata mwenye ufunguo kashausahau. Mara ya tatu nikaonana na metroni dakika tano kwenye korido. Mara ya nne nikaandika barua rasmi, ikapigwa mhuri wa kupokelewa, na baada ya wiki sita nikajibiwa mstari mmoja: "suala lako linafanyiwa kazi". Linafanyiwa kazi na nani, wapi, sijaambiwa mpaka leo. Sijataja jina la hospitali wala la mtu na sitataja, nyie mnajijua, na kama kuna wengine watasoma wakahisi nawasema wao basi na wao wachukue, haina shida.

Niwakumbushe yaliyonipata. Nilitolewa kizazi kwa sababu ya faibroidi, ule uvimbe wa kwenye kizazi, tumbo likafunguliwa kwa chini, mshono wa kulala. Daktari aliyenifanyia sina neno naye, damu haikunitoka nyingi, siku ya pili nilikuwa natembea, siku ya tatu nikaruhusiwa. Siku ya nane niko nyumbani homa imepanda, mshono umevimba unawaka, alafu jioni nimeinama kuokota kiatu nikasikia kitu cha moto kinashuka mapajani, kuangalia ni usaha umechanganyika na damu na mshono umeachia upande mmoja kama zipu. Nikarudi kwenu usiku huo huo. Nikapelekwa chumba cha dresingi, nikaandikwa kwenye daftari la wagonjwa wa nje: "kidonda". Basi. Haikuandikwa kidonda cha operesheni, wala kwamba huyu kapasuliwa hapa hapa siku nane zilizopita. Kidonda tu, kama nimejikata na panga.

Wiki tano nimekuja kusafishwa kila siku. Siku moja tulikuwa wanne benchi moja, wote tumepasuliwa wodi ile ile, wawili kizazi, mmoja uvimbe kwenye ovari, mmoja mimba iliyotunga nje ya kizazi, wote mishono imefumuka, na juu ya vichwa vyetu ukutani kuna bango zuri la rangi limeandikwa MAAMBUKIZI YA VIDONDA VYA UPASUAJI MWEZI HUU: 0. Tulicheka mpaka mwenzetu akaomba tuache, mshono unamuuma.

Mimi kazi yangu ni kukagua stoo. Miaka mingi nimekuwa nikiingia stoo za watu na karatasi yangu, na mtu akiniambia upotevu ni sifuri huwa sisemi hongera, nauliza mlihesabu lini na mlihesabu wapi. Nyie mnahesabu wodini siku mbili tatu, mgonjwa akivuka geti mnafunga daftari. Sasa maambukizi ya mshono kwa kawaida yanaanza kujionyesha siku ya tano, ya nane, ya kumi, mengine yanachelewa zaidi ya hapo, yaani yanatukuta tuko nyumbani. Ndo maana wenye kazi hii duniani, CDC ya Marekani kwa mfano, kile kituo chao cha kudhibiti magonjwa, kwa operesheni kama ya kutoa kizazi wanahesabu siku 30 kuanzia siku uliyopasuliwa. Siku 30 dhidi ya siku 3! Kwa mtindo wenu hata mimi naweza kuwa na stoo isiyopotezaga kitu, nahesabu asubuhi kabla sijafungua mlango.

Mpwa wangu anasomea uuguzi na wiki tano za kulala upande mmoja ni nyingi, kwa hiyo nilisoma vitabu vyake na miongozo yake yote huku yeye akinifafanulia, na nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kukasirika, maana nilidhani nitakuta mambo ya mashine kubwa kubwa. Sikuyakuta. Malalamiko yangu ni haya, nimeyapanga kwa namba ili lisirukwe hata moja.

1. HAMTUHESABU

Hili nimeshalieleza ila naliweka la kwanza kwa sababu mengine yote yanajificha nyuma yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilipotoa mwongozo wake wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, lilisema kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati katika kila wagonjwa 100 wanaopasuliwa 11 wanapata maambukizi, na kwamba Afrika akina mama wanaojifungua kwa upasuaji inaweza kufika 20 katika 100. Sasa dunia nzima inahangaika na namba hizo alafu nyie mna sifuri mwezi hadi mwezi? Hivi hamjawahi kujishtukia?

Na hesabu siyo kazi ya makarani tu jamani. Mwaka 1847 kule Vienna daktari Ignaz Semmelweis alikuwa na wodi mbili za wazazi, moja wanahudumu madaktari na wanafunzi wao, nyingine wakunga, na wanawake walikuwa wanakufa kwa homa ya uzazi zaidi kwenye ile ya madaktari. Aligundua kwa sababu mtu alikuwa anaandika vifo, kila wodi na vyake. Akaja kuelewa kwamba madaktari wanatoka kupasua maiti wanakuja moja kwa moja kwa wazazi, akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini, na vifo vilivyokuwa karibu 18 kwa kila wanawake 100 mwezi Aprili vikashuka mpaka kama 2 katikati ya mwaka. Wenzake walimchukia (hilo nalo nililisoma nikatabasamu kidogo). Lakini kama angekuwa anahesabu wale wanaokufa siku ile ile ya kujifungua tu, asingeona kitu.

2. SINDANO YA ANTIBIOTIKI MNACHOMA SAA ISIYO YAKE

Hapa naomba mnivumilie maana hapa ndo nina karatasi mkononi. Niliomba nakala ya faili langu, nikazungushwa siku nne, nikapewa. Karatasi ya dawa inasema nilichomwa antibiotiki saa 12 asubuhi, wodini, mimi na wenzangu wote wa orodha ya siku ile, tulipangwa foleni. Karatasi ya thieta inasema nimeanza kupasuliwa saa 7 mchana. Hayo ni masaa saba.

Antibiotiki ya kinga kabla ya operesheni haitibu kitu, kazi yake ni kuwepo ndani ya nyama pale kisu kinapopita, ili bakteria atakayeingia aikute tayari inamsubiri. Ikichomwa mapema sana inakuwa imeshatolewa na figo, mgonjwa anaingia thieta mtupu. Ikichomwa baadaye, mgeni ameshaingia na kukaa. Kwa kizazi dawa inayotumika sana ni sefazolini gramu 2, gramu 3 kwa mwenye kilo 120 na kuendelea, ndani ya dakika 60 kabla ya kukata, na operesheni ikivuka masaa manne au damu ikitoka nyingi zaidi ya lita moja na nusu inarudiwa humo humo thieta. Mwenye mzio nayo ana dawa zake mbadala. Mwaka 1992 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 2,847 Marekani: waliochomwa ndani ya masaa mawili kabla ya kukatwa walioambukizwa walikuwa asilimia 0.6, waliochomwa mapema kuliko hapo, kama mimi, asilimia 3.8. Zaidi ya mara sita! Dawa ni ile ile, stoo ni ile ile, nesi ni yule yule, saa ya ukutani tu.

Alafu baada ya operesheni mkanipa vidonge vya antibiotiki siku saba. Nilifurahi, nikajua nimelindwa. Kumbe mwongozo wa WHO unasema wazi kinga isiendelezwe baada ya operesheni kuisha, haiongezi kitu zaidi ya kuzoesha bakteria dawa. Kwa hiyo mlininyima pale ilipohitajika mkanipa siku saba pale isipohitajika, na usaha ukanijia siku ya nane, siku moja tu baada ya kumaliza dozi.

Na kitu kilichoniuma kuliko hata mshono. Kwenye faili kuna ile orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO, ile ya mwaka 2008 yenye vipengele 19, na kipengele kimoja kinauliza je mgonjwa amepewa antibiotiki ndani ya dakika 60 zilizopita. Imewekwa tiki. Ndiyo. Ukurasa wa pili tu kutoka kwenye ile karatasi inayosema saa 12 asubuhi. Orodha hiyo ilipojaribiwa kwenye hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania, madhara ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7 na vifo kutoka 1.5 hadi 0.8, matokeo yakatoka 2009. Ila wale walikuwa wanaisoma kwa sauti wagonjwa wakiwa mezani. Ya kwangu sijui ilijazwa wapi, mwandiko na kalamu ni vile vile kuanzia tiki ya kwanza mpaka ya mwisho, inaonekana mtu alikaa chini akaimaliza yote kwa mkupuo.

3. WEMBE

Jioni kabla ya operesheni nilipewa wembe niende bafuni nikanyoe mwenyewe. Tumbo lenye faibroidi hata chini huoni, unapapasa tu. Nilijikata sehemu tatu. Wembe hata ukishikwa na fundi unaacha michubuko midogo midogo ambayo bakteria wanazaliana usiku kucha, asubuhi unapelekwa thieta na shamba limeshapandwa. Mwongozo unasema nywele ziachwe, na kama kweli zinazuia kazi zipunguzwe kwa mashine ya kukatia, wembe hapana wakati wowote ule. Hapo hamna cha kununua, ni kuacha tu.

4. KIZAZI SIYO MGUU

Hili linahitaji tuongee kama watu wazima. Operesheni ya kutoa kizazi inafungua uke kwa ndani, na uke una bakteria wake, kila mwanamke anao, hata awe msafi kiasi gani. Kwa hiyo kusafisha ngozi ya tumbo peke yake ni kufunga mlango wa mbele na wa uani uko wazi. Uke nao unatakiwa usafishwe na dawa palepale thieta kabla ya kuanza, ayodini ndo inayotumika sana. Kwenye faili langu maandalizi ya tumbo yameandikwa, ya uke hayajaandikwa popote. Inawezekana yalifanyika, nilikuwa nimelala, ila kwenye kazi yangu kisichoandikwa hakipo.

Na kabla ya hapo, kliniki, wiki kadhaa kabla ya tarehe, hakuna aliyeniuliza kama nina uchafu unaotoka au harufu. Nilikuwa nao. Niliona aibu kusema. Ile hali ya bakteria wa ukeni kupoteza uwiano, vajinosisi ya bakteria wanaiita, inajulikana kabisa kwamba inaongeza maambukizi kwenye kile kidonda cha juu ya uke baada ya kizazi kutolewa, na inapimika, na inatibika kwa metronidazoli kabla ya operesheni. Swali moja tu la kliniki. Nilipokuja na usaha ndipo nikaulizwa, na nikaulizwa vibaya, "mama unajisafisha kweli?", mbele za watu. Naomba niseme kwa niaba ya wanawake wote waliowahi kuulizwa hivyo: hali hiyo haitokani na uchafu, na kujiosha kwa ndani ndo kunazidi kuiharibu. Mkiuliza kwa heshima mapema mtajibiwa. Mkiuliza kwa kebehi tutaficha, na tukificha mshono unafumuka, na mshono ukifumuka mnatuandika "kidonda".

5. THIETA YENYEWE

Sitajifanya najua kazi yenu, niliyoyaona kabla sijalala ndo nasema. Mlango ulifunguliwa mara nyingi mno, mmoja kaja kuuliza chaja ya simu. Ngozi ilipakwa dawa na ikafutwa kwa kitambaa hapo hapo kabla haijakauka, wakati ile ya klorheksidini yenye spiriti inatakiwa iachwe ikauke yenyewe, kwanza ndo ifanye kazi, pili spiriti mbichi na mashine ya kuunguzia mishipa ya damu haviendani, inaweza kuwaka moto. Nilikuwa natetemeka kwa baridi meno yanagongana, nikaomba blanketi nikaambiwa utalala sasa hivi. Kumbe blanketi ni kinga pia, mwili ukishuka chini ya nyuzi 36 mishipa ya ngozi inajibana, damu na askari wa mwili hawafiki kwenye kidonda. Sukari sikupimwa siku ile, na sukari ikipanda sana wakati wa upasuaji, hata kwa asiye na kisukari, bakteria wanafurahia, CDC wanasema ibaki chini ya miligramu 200 kwa kila desilita ya damu.

La mwisho hapa ni glavu. Mwaka 2022 kwenye jarida la Lancet yalitoka majibu ya utafiti mkubwa wa upasuaji wa tumbo, nchi saba zikiwemo Rwanda, Ghana, Nigeria na India. Walichofanya ni timu kubadilisha glavu na kuchukua vifaa visafi kabla ya kufunga tumbo, maana zile za mwanzo zimeshashika kila kitu humo ndani. Maambukizi yakatoka asilimia 18.9 yakaja 16.0. Mtasema tofauti ni ndogo. Mimi naona watu karibu watatu katika kila 100 ambao hawakukaa kwenye benchi letu.

6. MNATURUHUSU KAMA MNATUFUKUZA

Maelezo niliyopewa naondoka ni haya, nayanukuu yote: "usilowanishe, rudi wiki ya sita." Wiki ya sita! Hakuna aliyeniambia kwamba homa, mshono kuwa mwekundu na kuzidi kuuma badala ya kupungua, maji au usaha kutoka, uchafu wenye harufu ukeni, maumivu ya chini ya tumbo yanayoongezeka, ukiona hata kimoja usisubiri. Siku ya sita mshono ulishaanza kuwa mwekundu nikajisemea ndo kupona huko. Ningejua ningekuja siku mbili kabla haujafumuka.

SASA NAJUA MTAKACHOSEMA

Mtasema hamna bajeti. Rudini juu mkasome tena: saa ya sindano, wembe, mlango, blanketi, swali la kliniki, tiki ya ukweli. Kati ya hayo lipi linasubiri bajeti? Kuna hospitali 5 za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilijaribu mambo sita tu ya namna hii, mgonjwa kuoga kabla, kuacha kunyoa, kuandaa ngozi vizuri, mikono ya wapasuaji, antibiotiki kwa wakati na nidhamu ya thieta, maambukizi yakashuka kutoka asilimia 8.0 mpaka 3.8. Hazikuhamishiwa Ulaya, zilibaki pale pale na changamoto zao. Na kama ni bajeti basi wiki tano za shashi, glavu, dawa na mshahara wa nesi anayenisafisha zimetoka kwenye fungu gani?

Mtasema wagonjwa ni wengi. Ni kweli, nimewaona, na manesi wenu nimewaona wanavyokimbia. Ila kuwachoma watu wote kwa pamoja saa 12 asubuhi ndo mmejirahisishia kazi ya asubuhi mkajiongezea ya mwezi mzima. Dawa ipande na mgonjwa thieta, achome mtu wa usingizi pale mezani. Ni mkono mmoja umehamishwa chumba.

Mtasema mgonjwa hakuzingatia usafi nyumbani. Hili nililijua litakuja kwa sababu nililiambiwa usoni. Wengine labda hawazingatii, sibishi. Lakini mna daftari gani linaloonyesha nani alifumuka kwa uzembe wake na nani kwa masaa saba ya sindano? Hamna. Basi msinihukumu kwa kesi ambayo hamjafungua faili.

Mtasema kila hospitali maambukizi yanatokea. Yanatokea, sikatai, hata wanaofanya kila kitu sawa hawafiki sifuri. Ndo maana sifuri yenu inanitisha.

NINACHOOMBA

Sitaki fidia, sitaki mtu afukuzwe kazi, hasa yule sista wa zamu msimguse. Naomba haya, na naomba yajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30, nimechagua 30 makusudi:

a) Kila mwanamke anayefanyiwa upasuaji wa uzazi na kizazi apigiwe simu siku ya 7, ya 14 na ya 30. Maswali manne tu: homa, usaha, harufu, mshono kuachia. Majibu yaandikwe.

b) Chumba cha dresingi kiwe na safu moja ya ziada kwenye daftari: alipasuliwa wapi, lini, operesheni gani. Na kila mwisho wa mwezi daftari hilo likutane na la wodi.

c) Sindano ya kinga ichomwe thieta na saa yake iandikwe na aliyechoma, na orodha ya usalama isomwe kwa sauti. Tiki za kujaza kwa mkupuo zikome.

d) Wembe utoke wodini leo, kesho ni mbali.

e) Kliniki waulize kuhusu uchafu na harufu, faraghani, kwa lugha ya mtu na mama yake, wapime na watibu kabla ya tarehe ya upasuaji. Na maandalizi ya uke yaandikwe kwenye faili kama yanavyoandikwa ya tumbo.

f) Kila anayeruhusiwa apewe karatasi moja ya dalili za hatari, na namba ya simu ambayo inapokelewa.

g) Lile bango mlishushe mpaka mpate namba ya kweli. Ikija 9 andikeni 9. Nitawaheshimu zaidi nikiona 9 mwezi huu na 7 mwezi ujao kuliko hiyo sifuri.

Wale wenzangu watatu wa benchi wamesoma barua hii kabla sijaiweka hapa, mmoja akaniambia nimekuwa mpole mno, mwingine akaomba nitoe sehemu ya kebehi ya usafi, nikamkatalia. Wa tatu bado anasafishwa.

Na ili msiseme hamna daftari, nimenunua moja, lile kubwa la jalada gumu, nimeshalipiga mistari mwenyewe kwa rula: namba ya faili, operesheni, saa ya sindano, saa ya kukata, siku ya 7, siku ya 14, siku ya 30. Mstari wa kwanza nimejaza wangu. Jumatatu saa 2 asubuhi nitaliacha mezani kwa sista wa wodi, naomba lisiende kwenye lile sanduku.

Wenu katika matumaini,

Mgonjwa wa kitanda namba 14, mshono umefunga, kovu lipo